Maji yakishatoka ndani: jinsi ya kusafisha na kukausha nyumba baada ya mafuriko

Watu wengi hudhani mafuriko huingia kwa mlango. Kwetu yalianzia chooni. Nilikuwa nimepanga ukingoni mwa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, upande wa Kigogo, na usiku mmoja wa masika nikasikia choo kinatokota kama chungu cha uji. Nilipofika, maji meusi yalikuwa yameshaingia kwenye korido. Alfajiri yalifika magotini. Saa nne asubuhi yalikuwa yameshateremka, yameacha tope la unene wa vidole vitatu na harufu iliyokaa puani mwetu kwa wiki nzima.

Lakini hasara kubwa sikuipata usiku ule. Niliipata katika wiki zilizofuata, kwa kukosea mahali pa kuharakisha na mahali pa kusubiri. Tope nililiacha siku tatu nikihangaika na mambo mengine, likawa gumu kama saruji. Ukuta, ambao ulitaka kusubiriwa, niliupaka rangi baada ya wiki mbili. Haikupita muda ukapiga ukungu mweusi nyuma ya kabati, na mwanangu akaanza kukohoa kila usiku. Ndiyo maana naandika haya kwa mpangilio wa siku: siku mbili tatu za mwanzo ni za mbio, baada ya hapo ni za subira.

Usiingie bado

Maji yakiwa bado yanatembea, kaa mbali. Maji ya kasi yanayofika chini ya goti tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na chini yake huoni mtaro, shimo la choo wala nondo. Katika mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam walikufa watu wapatao 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Hakuna godoro wala televisheni yenye thamani ya kurudia maji. Mtu akinaswa, namba ya Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114, hailipiwi.

Maji yakishatulia, zunguka nyumba kwa nje kwanza. Angalia nyufa mpya, ukuta uliopinda, msingi uliochimbika chini, paa lililobonyea. Kama nyumba ni ya tofali za udongo au ya miti iliyokandikwa, ongeza tahadhari maradufu. Udongo uliokunywa maji unaweza kusimama siku nzima halafu ukaporomoka jua linapowaka na watu wameshaanza kufagia ndani. Ukiona ufa unapanuka au mlango uliokuwa ukifunguka vizuri sasa umekaza, toka, umwite fundi ujenzi autazame. Watoto wabaki kwa jirani mpaka kazi ya tope na dawa imalizike.

Umeme na gesi

Swichi kubwa izimwe kabla mtu hajakanyaga ndani. Kama ili uifikie inabidi usimame kwenye maji, au wewe mwenyewe umelowa, usiiguse. Wapigie TANESCO wakate kutoka nje. Luku kuisha si sawa na umeme kukatwa. Nimeona watu wakisema "hakuna uniti, ingia tu," halafu mwenzao ananunua uniti kwa simu akiwa kazini.

Nyumba yenye sola au betri za akiba ina hatari yake pekee, kwa sababu kukata umeme wa nguzo hakuzimi betri. Na maji yakiondoka kabisa, soketi za chini bado zina maji na tope ndani ya boksi lake. Usiwashe chochote mpaka fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, afungue soketi, asafishe, akaushe na apime nyaya. Friji, feni, pasi, pampu: usichomeke "kuona kama inafanya kazi." Vyombo vingi haviungui kwa maji, vinaungua siku mwenyewe anapovijaribu vikiwa na unyevu ndani.

Mtungi wa gesi hueleaelea na kujigonga. Funga koki yake, utoe nje, na regulata na mpira uliozama kwenye maji machafu ubadilishe.

Piga picha kabla ya kugusa

Hili huchukua dakika kumi, na watu hulisahau. Kabla hujatoa hata kiti, piga picha za kila chumba kutoka pembe nne, na picha za karibu za vitu vikubwa vilivyoharibika. Kisha chukua chaki au penseli nzito uchore mstari ukutani pale maji yalipofika juu kabisa, uandike tarehe pembeni. Mstari huo utautumia tena na tena.

Picha utazionyesha serikali ya mtaa majina ya walioathirika yanapoandikwa, kampuni ya bima kama unayo, na mwenye nyumba kama umepanga. Mpangaji asianze kubomoa lipu au dari bila kuzungumza na mwenye nyumba. Ujumbe wa simu ulioandikwa ni ushahidi bora kuliko maneno ya mdomo.

Jilinde mwili

Maji yanayopita bondeni ni maji ya vyoo. Yana kinyesi, mafuta ya gereji na mikojo ya panya. Vaa gambuti, glavu za mpira na suruali ndefu, na ufunike kidonda chochote kabla ya kuanza. Viatu vya wazi viweke kando kabisa: misumari na vioo vimo ndani ya tope, na pepopunda huingia hapo. Kama hujui mara ya mwisho ulichanja lini, pita kituo cha afya uulize. Kabla ya kuinua mkeka au kufungua kabati la chini, gonga kwa fimbo. Nyoka na tandu nao walitafuta pa kukimbilia usiku ule.

Tena niwataje panya kwa msisitizo. Mwaka 2022 wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilipatwa na ugonjwa ambao watu hawakuuelewa mara moja, na ukabainika kuwa ni homa ya mgunda. Vijidudu vyake hutoka kwenye mikojo ya wanyama, panya wakiwemo, na huingia mwilini kupitia michubuko, macho na mdomo. Mtu akipata homa, kichwa kuuma na misuli kuuma sana ndani ya wiki chache baada ya kukanyaga maji ya mafuriko, asiishie kupima malaria tu. Amwambie daktari waziwazi kwamba aliingia kwenye maji hayo.

Tope litoke likiwa bichi

Kulikuwa na bibi jirani yetu aliyeishi bondeni tangu ujana wake. Siku ya kwanza alipita akanikuta nimekaa tu, akaniambia, "Mwanangu, tope halisubiriwi. Leo linatoka kwa fagio, keshokutwa utalitafutia sururu." Sikumsikiliza, na ikawa kama alivyosema.

Fanya hivi. Kwanza toa vitu vyote nje, hata vile unavyodhani vimepona. Huwezi kusafisha chumba chenye kitanda ndani. Kisha anza chumba cha mwisho kabisa kuelekea mlangoni, usije ukalikanyaga tope na kulirudisha ulikosafisha. Tope zito litoe kwa sepetu au beleshi, jepesi lisukume kwa fagio gumu la chelewa. Likianza kukauka, linyunyizie maji kidogo lilainike. Usisahau juu ya fremu za milango, reli za madirisha na nyuma ya masinki. Tope likibaki humo, kila upepo ukivuma utakuwa unavuta vumbi la choo.

Na tope hilo ulipeleke wapi? Naomba hapa unisikilize sana. Usilimwage kwenye mtaro. Mtaa wetu ulifanya hivyo, nyumba baada ya nyumba, na mvua ya siku ya tano, ambayo haikuwa kubwa hata kidogo, ikaturudishia maji ndani kwa sababu kalavati lilikuwa limejaa tope letu wenyewe. Lijaze kwenye viroba, uviweke mahali palipoinuka, mkubaliane na mtendaji wa mtaa gari la taka lije lini. Majirani mkichanga fedha za kukodi guta au kirikuu kimoja, kazi inaisha kwa siku moja.

Sabuni kwanza, klorini baadaye

Kosa la kila nyumba ni kumwaga dawa ya klorini juu ya tope. Klorini ikikutana na uchafu inaishia kupambana na uchafu, vijidudu vinabaki salama. Harufu kali itakudanganya kwamba pamesafika.

Mpangilio ni huu: maji safi ya kusuuza, halafu sabuni ya unga na brashi ngumu, kuanzia juu kwenda chini, halafu maji safi tena. Ndipo klorini. Soma kwenye chupa ina asilimia ngapi. Kama ni asilimia 3.5, changanya kopo moja la dawa na makopo sita ya maji. Kama ni asilimia 5, kopo moja kwa makopo tisa. Zote mbili zinakupa nguvu ileile ya nusu asilimia, inayofaa sakafu ya saruji au vigae, masinki, choo na viti vya plastiki. Iache dakika kumi kabla ya kusuuza. Tumia maji baridi, changanya ya siku hiyo tu, fungua madirisha. Kamwe usiichanganye na siki, dawa ya choo yenye asidi wala dawa yenye amonia, kwani hutoa hewa inayochoma mapafu.

Klorini ni ya vitu vigumu visivyonyonya. Ukutani kwenye lipu haisaidii kiasi watu wanavyodhani. Huko sugua kwa sabuni na maji machache, kisha uachie upepo kazi.

Nini kiokolewe, nini kiende

Hapa moyo unauma, na mtu mwingine asikuamulie kwa ukali. Lakini kipimo changu ni kimoja: kitu kilichonyonya maji ya choo na ambacho huwezi kukichemsha, kukisugua mpaka ndani au kukikausha kwa siku mbili, kiende. Ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48.

Godoro la sponji lililozama kwenye maji meusi liende, hata kama lilinunuliwa mwezi jana. Utalianika wiki nzima, juu litakauka, katikati litabaki bichi na mtoto atalilalia. Kama lililowa kwa maji safi ya paa linalovuja, hilo ni jambo jingine. Liweke wima juani na uligeuze mara kwa mara. Mito na kapeti nene hufuata sheria ileile. Makabati ya mbao za kubandikwa, zile zinazovimba kama mkate, hayarudi. Kabati la mninga au mkongo linaokoka: lisugue, vua droo zote, likaushe kivulini. Jua kali hupasua mbao iliyolowa, na watu wengi wameharibu vitanda vizuri kwa njia hiyo.

Nguo suuza tope nje kwanza, kisha zifue kwa maji ya moto na sabuni, zianike juani, zipige pasi. Sufuria na sahani zioshe halafu zichemshe. Ubao wa kukatia, miko ya mbao na chuchu za chupa za mtoto tupa. Unga, mchele, sukari na maharage yaliyoguswa na maji usijaribu kuyaanika, hata gunia likiwa limelowa upande mmoja tu. Kopo la bati ambalo halijabonyea wala kutoboka linaweza kuoshwa na kupitishwa kwenye klorini kabla ya kufunguliwa.

Vyeti na picha vina siku mbili, si zaidi. Karatasi zilizoshikana usizivute kwa nguvu. Kama huna nafasi ya kuzishughulikia leo, zifunge kwenye mfuko safi wa plastiki uziweke kwenye friza ya jirani mwenye umeme. Baridi inasimamisha ukungu, nawe utazianika polepole wiki ijayo. Anika kivulini, juu ya kitambaa safi, moja moja. Picha za zamani zenye tope zisuuze kwenye beseni la maji safi zikiwa bado zimelowa, uziweke uso juu. Cheti kilichofunikwa plastiki na maji yakaingia ndani kinahitaji plastiki ikatwe pembeni kwa uangalifu, la sivyo wino utaondoka wote. Cheti cha kuzaliwa kilichopotea, anza na taarifa ya upotevu polisi, kisha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo.

Simu au kompyuta iliyozama izime, uitoe betri kama inatoka, usiichaji. Kuifukia kwenye mchele hakuvuti maji yaliyo ndani. Mpelekee fundi aifungue.

Maji ya kunywa na choo

Kisima kilichofunikwa na mafuriko, na tangi la chini ya ardhi lililoingiliwa, vihesabu kuwa ni choo mpaka vitolewe maji yote, visafishwe na kutiwa dawa. Hata maji ya bomba yachemshe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja au zaidi. Bomba lililopasuka chini ya tope hunyonya uchafu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini maji yanayonuka mafuta usiyanywe hata yakichemka. Vidonge vya kutibu maji vifuate kama pakiti inavyoeleza, na maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa.

Mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele, mpe ORS papo hapo na umpeleke kituoni. Kipindupindu hakisubiri asubuhi.

Kukausha: hapa ndipo subira inapoanza

Siku ya tatu nyumba itaonekana kavu. Haijakauka. Tofali la saruji la inchi sita lililokunywa maji hushusha unyevu wake kwa wiki nyingi, na mara nyingi kwa miezi. Maji pia hupanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa kwenye utambi, kwa hiyo unyevu utaukuta juu ya ule mstari wako wa chaki.

Vuta kila kabati mbali na ukuta shubiri nzima, uliinue juu ya matofali. Fungua madirisha yanayotazamana jua likiwa limewaka. Yafunge mvua ikinyesha na usiku hewa ikiwa nzito, kwani wakati wa masika hewa ya nje yenyewe inalowesha. Feni, fundi akishakuruhusu kuwasha, ielekeze itoe hewa nje kupitia dirishani, isizungushe unyevu humohumo chumbani. Milango ya makabati na droo zibaki wazi mchana kutwa.

Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kukausha ukuta. Wala jenereta isiwashwe ndani au barazani karibu na dirisha. Moshi usioonekana, kaboni monoksaidi, hauna harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke.

Gonga lipu kwa mpini wa nyundo. Inapolia kama debe tupu, imeachana na tofali. Ibomoe sehemu hiyo ili tofali lipumue. Lipu nzuri ya saruji iliyoshika iache. Ukuta wa jipsamu au mbao laini ndani ni tofauti: ukate sentimita 30 hivi juu ya mstari wa maji, kwa sababu katikati yake kuna nafasi ambayo haitakauka. Dari la jipsamu lililoshika maji ya paa na kubonyea litobolewe kwa kijiti kirefu ukiwa umesimama kando, maji yatoke kwenye ndoo kabla halijaporomoka lote.

Chumvi nyeupe itajitokeza ukutani. Isikutie hofu, ni maji yanatoka nje yakibeba chumvi za saruji na udongo. Ipige brashi kavu. Ukiiosha unairudisha ndani. Ukungu mweusi ukitokea mahali padogo, vaa barakoa, usugue kwa sabuni, ukaushe. Ukienea ukuta mzima, na kuna mwenye pumu ndani ya nyumba, mtoe alale kwingine mpaka umalizike.

Kisha kipimo ambacho laiti ningekijua mapema. Chukua kipande cha nailoni ang'avu, ukubwa wa daftari lililofunguliwa, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa. Kiache usiku na mchana mmoja. Ukikuta matone au ukungu wa mvuke upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji. Rudia kila wiki, mahali kadhaa, na sakafuni pia. Fundi wangu alinihakikishia kwamba rangi ya mafuta "itazuia unyevu." Iliufungia ndani. Baada ya mwezi ilivimba malengelenge, nikalipa kuikwangua yote, na nikalipa tena kupaka. Ule ukuta ulikauka kweli Julai, kusi ilipokuwa imekolea, na nailoni ikatoka kavu wiki mbili mfululizo. Ndipo nikapaka rangi ya maji, ambayo huuacha ukuta upumue.

Mstari wa chaki nyuma ya mlango wa chumbani sikuupaka rangi. Fundi umeme alipokuja kupandisha soketi, nilimwonyesha huo, akapima shubiri mbili juu yake ndipo akaanza kutoboa. Vyeti vyetu sasa vimo kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, juu ya kabati, na ndoo hiyo ndiyo ya kwanza kubebwa choo kikianza kutokota.